Waliniondoa kwa Makofi Kabla ya Ushahidi

Kwa Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kuyachunga maneno. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka thelathini na mmoja niliandika ushahidi wa watu walioapa, na hakuna hakimu aliyewahi kunirudishia ukurasa. Ni mwenyekiti wa ukoo wetu pia, au nilikuwa, na hapo ndipo kamusi yako inapoingia.

Jumapili iliyopita mpwa wangu, mwalimu, aliiweka kamusi hiyo mezani sebuleni kwangu, akafungua penye kitenzi "depose", akawasomea ndugu zangu maana ya kwanza: kumwondoa mtu madarakani. Wakapiga makofi, nikawa nimeondolewa. Maana ya pili, kutoa ushahidi kwa kiapo, hakuna aliyeifikia kwa sababu chai ilikuwa imeiva. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Umetanguliza kuondoa, ushahidi ukauweka nyuma. Mahakamani hata mwizi wa kuku husikilizwa kwanza. Toleo lijalo ligeuze mpangilio huo.

2. Nilipodai ushahidi walikubali makofi yasihesabiwe, na kura rasmi ipigwe kesho. Lakini katika ukoo mzima anayejua kuandika ushahidi ni mimi peke yangu. Basi nikavaa miwani, nikawaapisha mmoja mmoja wanishitaki. Ndugu Mhariri, ilikuwa aibu tupu. Mdogo wangu, fundi cherehani, alisema tu kwamba nina maneno mengi. Lini? Mbele ya nani? Hakumbuki. Ikabidi nimkumbushe harusi ya binti yake, nilipohutubia saa nzima na dakika kumi hadi bwana harusi akasinzia. Akatia saini kwa furaha, nami nikampongeza.

3. Dada yangu, muuguzi, alianza kulia kabla ya aya ya pili, akataka yote yafutwe. Nilimkatalia. Ushahidi haufutwi kwa machozi. Nikamsaidia kueleza jinsi nilivyoahirisha hoja yake mara nne kwa kuwa hakuacha pambizo kwenye karatasi. Alicheka huku anapenga kamasi. Hilo nalo niliandika.

4. Kosa langu kubwa hakuna shahidi aliyelijua. Ningefanyaje, niache jalada lina pengo? Nikasimama, nikaapa mbele yangu mwenyewe, nikakaa, nikaandika: "Tangu mke wangu afariki, miaka miwili sasa, nimeitisha vikao vya dharura kumi na tisa visivyo na dharura yoyote. Kile cha kujadili rangi ya mlango wa choo changu sikuwa na haja nacho. Nilitaka watu tu." Nikatia saini mahali pa shahidi na mahali pa karani.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Nikiondolewa, vikao vitahamia kwa mdogo wangu, nami nitabaki na saa ya ukutani. Nyumba ikinyamaza naogopa, nasema kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nimekichimba kwa mwandiko mzuri.

5. Kwa hiyo nadai kamusi iseme waziwazi kwamba aliyeandika ushahidi hawezi kuondolewa kwa ushahidi huohuo. Ukishindwa, kiondoe kitenzi chenyewe, lakini kisikilize kwanza.

Nisalimie wasahihishaji, wachapaji, walinzi wa getini, na yule aliyeshughulikia herufi D. Sina kinyongo naye sana.

Ni mimi, niliyeapa na kuapishwa,
Mwenyekiti wa Ukoo (suala lingali linabishaniwa)

Tanbihi: Bahasha ilikosa stempu, kwa hiyo kura imeitangulia barua. Sita walitaka nibaki, sita niondoke, na kura ya uamuzi ni ya mwenyekiti. Nikaomba dakika tano nilisome jalada upya. Ushahidi ulikuwa mzito, umepangwa vizuri, hauna kosa hata la nukta. Sikuwa na njia, nikajiondoa. Mdogo wangu alikalia kiti, akalisoma jalada mpaka mwisho. Kisha akatoa amri yake ya kwanza: kikao cha dharura kila Jumapili, sebuleni kwangu, bila ajenda. Tafadhali, kamusi iache kama ilivyo.