Yah: Sungura Kunyweshwa Vizuri Kuliko Mume

Bukiriro, Ngara.

Ndugu Afisa Mifugo wa Kata,

Nakusalimu kwa heshima, na pole kwa kuzunguka vilima vyetu na ile pikipiki. Mimi ni Telesfori, mume wa Leonsia, yule mama aliyekaa mbele kabisa kwenye semina yako ya sungura. Nalalamikia unga wa vitamini ambao wewe ulimfundisha kuutia kwenye maji ya kunywa ya sungura wanaokua. Si kwamba haufanyi kazi. Unafanya, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

1. Ulisema maji yawe safi. Leonsia anayachemsha, anayapoza, anayachuja kwa kitambaa, anakoroga unga, kisha anayaweka kivulini kwa kuwa ulisema jua linaharibu vitamini. Mimi najichotea kwenye ndoo. Nikipigwa na jua, hakuna anayenisogeza.

2. Sungura wamenenepa, manyoya yanang'aa. Shemeji yangu Ndizeye, aliyemwoa dada yangu, alipokuja kutoka Kabanga nilijua tutachinja mmoja. Leonsia akasema bado wanakua. Shemeji alikula maharage huku akiwatazama, na wakati wa kuondoka aliwaaga wao kwanza.

3. Juzi nilitoka kupalilia migomba, koo limekauka. Nikakuta jagi kivulini, nikanywa. Maji yalikuwa na utamu wa mbali. Leonsia akatoka bandani, akaniona nafuta mdomo. Nilidhani ataogopa kwamba nimekunywa vitu vya mifugo. Alilitazama jagi, akaniuliza, "Umewabakizia?"

Ndugu Afisa, sisi tumefunga ndoa kanisani.

4. Kesho yake niliamka nimechangamka, nikamaliza shamba kabla jua halijawa kali. Huenda nililala vizuri tu. Lakini Leonsia alilisimulia jambo hilo jumuiyani, na jirani yetu Agripina akaanza kumtilia mumewe unga huo kwenye uji. Huyo mume, Thobias, ndiye niliyezoea kupumzika naye kila mchana. Sasa anachimba choo kipya, na hakuna aliyemtuma. Wake wengine wameanza kuulizia unga unapopatikana. Wanaume wa kitongoji wakinikuta njiani wananisalimia kwa shingo upande.

Kwa hiyo naomba ama unga huu upigwe marufuku kata nzima, ama niandikishwe katika hesabu yako ya mifugo. Sina makuu. Kila asubuhi Leonsia huinama, akamtazama kila sungura macho na masikio, akamuuliza kwa sauti ya upole kama amekunywa. Sungura hawamjibu. Mimi ningemjibu.

Nisalimie mama watoto, watoto, na wote hapo ofisini, pamoja na yule mlinzi aliyenikataza kuingia na malalamiko ya mdomo.

Wako mtiifu,
Telesfori, mume wa mwenye sungura.

N.B. Barua hii ilikuwa imekwisha kuingia kwenye bahasha. Leonsia amekwenda Nyantakara kumwona dada yake aliyejifungua, akaniachia mimi sungura wake. Yule mdogo mweupe amejikunja pembeni, hataki kunywa. Nimembembeleza hata kwa majani ya viazi, amenigeuzia mgongo. Nimemfunika koti langu la kanisani. Nakuomba uache yote uliyonayo, uje leo hii, na ule unga uje nao mwingi. Hayo niliyoandika juu tutayaongea akishapona.