Malalamiko Kuhusu Mama Mkwe Wangu Kufanyishwa Kazi

Ndugu Mkurugenzi wa Ununuzi,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mfanyabiashara wa samani, na ninaandika kwa uchungu kwa yaliyompata mama mkwe wangu, mjane na mmiliki halali wa karakana iliyopewa zabuni ya madawati ya shule, katika fungu mlilowatengea wanyonge.

1. Mkaguzi wenu alikuja bila taarifa. Alimkuta mama sebuleni, ambako ndiko iliko karakana, anachambua mchele. Ubao mmoja wa kuwaonyesha wageni kwamba hapa ni karakana ulikuwepo, umeegemezwa ukutani kama siku zote. Mkaguzi akasema kanuni mpya inataka mwenye zabuni aifanye kazi mwenyewe, si jina lake tu. Nikamweleza kwa adabu kwamba madawati yanatoka kwangu, mama anasaini. Kusaini nako ni kazi. Mwezi uliopita kidole gumba kilimuuma siku mbili nzima.

2. Akampa mama randa. Mama wa watu, tena mbele ya mkwewe! Mama akauranda ule ubao mpaka ukang'aa, kisha akauliza kama kuna mwingine.

3. Tangu hapo nyumba haikaliki. Makochi ameyatoa nje apate nafasi ya kuranda. Nikimpelekea karatasi za kusaini, anazisoma. Zote, Ndugu Mkurugenzi, mpaka nyuma! Juzi aliniambia, "Baba, hapa umeandika mninga. Mbona hili dawati ni mbao za masanduku?" Niliumia sana.

4. Hebu tufikiri kiungwana. Mnyonge akifanya kazi atazoea. Akizoea atajua, na akijua hatakuwa mnyonge tena. Sasa sisi tunaowasaidia tutamsajili nani? Naomba kanuni ifutwe, na mnyonge yeyote apigwe marufuku kushika kifaa chenye makali.

Nisalimie makarani wote, hasa yule wa masjala anayejua kutafuta faili likitafutwa na kulipoteza likihitajika.

Wako katika kuwatetea wanyonge,
Mkwe Mwenye Huruma

Tanbihi: Leo asubuhi fundi aliyenitengenezea kila dawati tangu nianze biashara hii amehamia kwa mama. Nilijaribu kuendelea peke yangu, nikagundua kwamba kwa miaka kumi na tisa sijawahi kupigilia msumari. Mama amenipokea kwa majaribio, nafagia. Tafadhali mkaguzi asije wiki hii, maana hata kufagia ananifagilia mama.