Malalamiko ya Kupigwa Kidogo Kuliko Inavyostahiki

Shaame Vuai Mcha,
Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Mzee Mmanga,
Msimamizi wa uwanja siku ya Mwaka Kogwa,
Makunduchi.

KUH: KUPIGWA KIDOGO, NA OMBI LA KUPIGWA UPYA

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama goti bado linakusumbua, Mungu akuondolee. Sisi huku mjini tu wazima wa viungo vyote, na hilo ndilo hasa ninalokuja kulilalamikia.

Utakumbuka kuwa siku ya Mwaka Kogwa niliingia uwanjani kupigana na mdogo wangu Makungu, ambaye tangu aoe na kuhamia ukweni anasimama na watu wa upande wa pili wa kijiji. Ulikuwepo, na wewe ndiye uliyetupanga. Kila mmoja alishika bua lake la mgomba, bichi, lenye maji yake. Mimi ni mtu wa makamo, nina duka la mabomba na rangi pale Darajani, na sina tabia ya kuwasumbua wakubwa kwa barua. Lakini safari hii nimedhulumiwa. Nilikwenda Makunduchi kupigwa, na nimerudi sikupigwa.

Niruhusu nikumbushe jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Sisi hatupigani siku ya Mwaka kwa uadui, wala kwa ajili ya kamera za wageni. Mtu mwenye kinyongo na mwenziwe hukipeleka uwanjani, akakimalizia mgongoni mwa mwenziwe, na mwenziwe naye vivyo hivyo, kisha wakapeana mikono na mwaka ukaanza safi. Kinachobaki ni uvimbe, na uvimbe hupona.

Sasa mimi na Makungu kinyongo tulikuwa nacho, tena cha kutosha. Tulikuwa hatusemezani tangu harusi ya binti wa dada yetu Salhiya. Pale, mbele ya sinia la biriani na wanaume wa pande zote mbili, nilitamka kuwa mwanamume aliyeacha uvuvi akenda kufunga mwani kwenye kamba, pamoja na mkewe Mashavu na majirani zake wa kike, huyo uanaume ameshauanika juani pamoja na huo mwani. Nilisema na jambo jingine kuhusu kanga, ambalo si lazima liingie katika barua rasmi. Makungu alinawa mikono, akaondoka bila ya kula nyama. Kwa hiyo kipigo kile kilikuwa haki yangu, na nilikingoja kwa hamu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu mapigo yenyewe. Pigo la kwanza nililidhania ni salamu. La pili nililidhania ni la kupimia masafa. Nikajikaza kungojea yale ya kweli, nimeinama na mgongo nimemtolea, na hapakuja kitu. Nilipogeuka nilimkuta amesimama ananitazama, bua liko chini. Mtu anayekung'uta mkeka huukung'uta kwa bidii kuliko ile.

2. Kuhusu kofia. Kofia yangu ilianguka, si kwa kupigwa bali kwa kuinama. Makungu aliiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja, akanivisha, kisha akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama imekaa sawa. Haikukaa sawa, akaja kuirekebisha. Wakati wote huo mimi nimeinua bua langu juu. Nakuuliza wewe uliyesimamia uwanja ule kwa miaka mingi: mtu apigane vipi na anayemvisha kofia?

3. Kuhusu wanawake. Unajua kuwa siku ile kina mama huzunguka uwanja wakiimba na kuwachamba wanaume kwa vijembe na kwa majina, na mwanamume hana haki ya kukasirika. Bi Thuwaiba, ambaye ulimi wake unaogopwa mpaka Kizimkazi, aliwachamba wote waliotutangulia. Alipofika kwetu alipunguza sauti, akaimba kwamba aletewe kiti huyo, ametoka mjini, amechoka. Wenzake wakaitikia kwa huruma kabisa. Kuchambwa siku ya Mwaka ni heshima. Kuhurumiwa sijui kunaitwaje. Mashavu, mke wa Makungu, akapiga kigelegele, na mpaka leo sijui kilikuwa cha kumpongeza nani.

4. Kuhusu nyumbani. Mke wangu, Bi Mize, alikuwa ameshachemsha maji ya chumvi ya kunikandia, taulo limekunjwa, mafuta ya karafuu yako pembeni. Nilivua shati nikakaa kwenye kigoda. Alinizunguka na taa ya simu akitafuta pa kuanzia. Alitafuta sana, maana ni mtu wa haki. Mwisho aliniuliza kama nilikwenda kupigana au kupimwa koti, akayachukua maji yake akaenda kuroweka mashuka. Bi Mize si msemaji, ndiyo maana maneno yake machache huuma.

5. Kuhusu barazani kwetu. Hapa nakiri kwamba kabla ya safari niliwaeleza wenzangu wa kahawa mambo ya Mwaka kwa kirefu, pamoja na hali nitakayorudi nayo. Kwa hiyo niliporudi ilibidi nichechemee. Muhiddin, aliyestaafu forodhani na ambaye kazi yake yote ilikuwa kukagua vitu vya watu, alitangaza kwamba nilikuja nachechemea mguu wa kushoto na naondoka nachechemea wa kulia. Kisha pakatokea video. Kijana mmoja wa Makunduchi aliirusha kwenye simu, ikafika Mkunazini kabla ya magharibi. Wameipunguza kasi, wameikuza, na bado hapaonekani pahala nilipopigwa.

Tangu hapo pana mjadala wa nani hasa ni mwanamume. Muhiddin anashikilia kuwa ni yule anayepiga. Abdulhakim, fundi cherehani, anasema kupiga hata punda hupiga, mwanamume ni yule anayepigwa akanyamaza. Muuza kahawa akasema kwa uzoefu wake mwanamume ni yule anayerudisha kikombe. Wamebishana mpaka wakahamia kwenye masuala magumu: kama anayepanga foleni ya samaki na kikapu cha mkewe ni mwanamume (wamekubali, kwa kuwa wote wanapanga), kama anayekuna nazi ni mwanamume (ndiyo, mlango ukiwa umefungwa), na kama anayeogopa kombamwiko anayeruka ni mwanamume (hili limeahirishwa kwa ombi la Muhiddin). Lakini mtu aliyekwenda kupigwa na nduguye akarudishwa mzima hawakumpatia fungu. Wananitazama tu kwa upole, na upole wao siutaki.

6. Hili ndilo kubwa, na mengine yote ungeweza kuyasamehe. Mwanzoni nilijipoza kwa kusema kuwa mwani umemmaliza nguvu. Ingekuwa hivyo ningefurahi, kwa sababu ningekuwa nimesema kweli pale harusini. Lakini siku ileile, saa ileile, nilimwona kwa macho yangu akipigana na Ayoub, yule mwashi kijana mwenye mabega, na alimpiga mpaka Ayoub akakaa chini akaomba maji. Nimeuliza, nikaambiwa kuwa mtu anayebeba magunia ya mwani mbichi kutoka majini mpaka juu pwani, mkono wake si wa mchezo. Basi nguvu anazo. Ayoub amepewa, mimi nimenyimwa.

Mzee wangu, mtu humpiga yule anayemhesabu. Mgeni hapigwi. Mtalii akija siku ya Mwaka huwekwa pembeni kivulini akapewa dafu, na watu wakamwangalizia asije akaguswa. Ikiwa ndugu yangu wa tumbo moja hakutaka kunipiga, basi ameshaniweka kule kivulini. Nilisimama pale na bua langu, na kusema kweli nilikuwa nangojea dafu. Hili linaniuma, naliandika wazi, na sina wa kunikanda.

Angalia sasa matokeo yake. Kinyongo hakikutoka. Kama hakikutoka, basi sisi wawili mwaka mpya haujatuingia. Makunduchi nzima iko mwaka huu, na watoto wa Vuai bado wako mwaka jana. Binti yangu Ummy anaolewa baada ya mavuno ya karafuu, na ami yake Makungu ndiye wa kusimama naye. Nauliza kwa adabu: mtu aliyebaki mwaka jana ataingiaje katika harusi ya mwaka huu? Nilimwomba Bi Mize ampelekee mwaliko. Akasema mwaliko wa ndugu huenda kwa miguu ya ndugu. Ummy kila siku ananiuliza kama ami yake atakuja, na mimi kila siku namwambia nimo katika kulishughulikia. Barua hii ndiyo kulishughulikia kwenyewe.

Kwa hivyo ninaomba, kwa unyenyekevu, pambano lile lifutwe na lirudiwe. Bua likaguliwe na wewe mwenyewe, liwe la mgomba wa mkono wa tembo, si la mgomba wa kisukari, ambalo halimfai ila mtoto wa chuo cha Kurani. Nipigwe mpaka wewe uridhike, na wala usiniulize mimi. Kuokota kofia kupigwe marufuku. Bi Thuwaiba anichambe kama alivyowachamba wenzangu, na akikosa la kusema nitampelekea mwenyewe. Nikishapigwa nipewe cheti chenye muhuri, nakala mbili, moja ya barazani na moja ya Bi Mize.

Makungu akikataa, ateuliwe mtu wa kunipiga kwa niaba yake. Hapa pana suala la kitaalamu. Ndoa hufungwa kwa uwakilishi na ikasihi, ikawa halali, lakini kipigo cha ndugu sijui kama husihi kwa mkono wa mwengine. Masheikh waulizwe.

Mwisho, nashauri litolewe tamko la kudumu kwamba mwanamume ni yule aliyepigwa na nduguye ipasavyo, na asiyepigwa akae na wageni. Katika tamko hilo hilo ielezwe kama kufunga mwani ni kazi ya kiume au ya kike. Sina shaka na nilichokisema harusini. Nataka tu kijulikane kama ni kweli, maana nimeshakisema.

Nakutakia afya na uwanja wenye amani. Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie Ayoub na mgongo wake. Nisalimie Bi Thuwaiba, umwambie kiti sikukihitaji. Makungu usimsalimie. Akikuuliza habari zangu, mwambie sijambo, na hilo ndilo tatizo.

Ni mimi wako mtiifu, niliye mzima kinyume na matarajio,

Shaame Vuai Mcha

Tanbihi. Mzee wangu, tafadhali usiifanyie kazi barua hii.

Nilikuwa nimeshaitia katika bahasha, Makungu akaingia dukani. Alisema anatafuta kamba za mwani. Kamba hizo zinauzwa mpaka kule kwao, na njiani kote Darajani kuna maduka yanayoziuza, lakini aliingia kwangu. Nilimpimia kamba bila ya kumtazama, kisha nikashindwa kuvumilia nikamuuliza kwa nini hakunipiga.

Alianza kuikunja ile kamba. Akaniambia kwamba lile bua alilikata mwenyewe alfajiri, akachagua lililo zito, na kila neno la harusini alikuwa nalo kichwani, hata lile la kanga. Alikuja kunipiga kweli. Halafu mimi nikainama nikampa mgongo. Yaliyofuata nayanukuu kama alivyoyasema, kwa kuwa ni ushahidi: "Nlinyanyua bua nkamwona baba. Shingo yake ile ile, mvi zake zile zile nyuma ya masikio. Sasa ntampiga vipi baba, kaka?"

Baba yetu ulimjua. Wewe mwenyewe ulipigana naye kila Mwaka mpaka mkazeeka. Mimi shingo yangu sijapata kuiona, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nililia, mzee wangu. Nililia dukani, mchana, mbele ya wateja, na mama mmoja aliyekuja kununua rangi ya mlango akaniuliza bei, nikamkabidhi kopo la rangi ya ukuta. Kama pana kanuni inayohusu jambo hilo, niko tayari kuitwa. Ummy ameshaambiwa kuwa ami yake atakuja. Barua hii anakuletea Makungu mwenyewe. Nimemwomba asiisome, na najua atakuwa anacheka kabla hajavuka barabara.

Ila nilipokuwa nalia, Makungu alizunguka meza akaja kusimama mbele yangu ili watu wasinione, akawa anawauzia wateja yeye, tena anauza kwa bei zisizo sahihi. Nilikaa nyuma yake nikimtazama mgongo mpaka nilipomaliza. Na yeye kwa nyuma ni baba yule yule.