Mradi wa Kujenga Msuli wa Wanafunzi kwa Kusoma

Mheshimiwa mimi mwenyewe, mgeni rasmi. Mheshimiwa mke wangu, mgeni rasmi msaidizi. Waheshimiwa wa viti vya mbele, nanyi mliosimama juani kwa uzalendo. Walimu, wazazi, mashemeji zangu wa kamati ya manunuzi, na wanafunzi mlioamriwa kufurahi: itifaki imezingatiwa, asiyetajwa ajitaje moyoni! (Makofi. Shemeji mmoja anasimama, anainama, anakaa.)

Ndugu zangu, niliumia sana kusikia kwamba darasa la nne wanasoma herufi zote bila kuelewa kitu, maana mtihani uliopita walipewa habari ya nyuki, wakaulizwa malkia anaishi wapi, darasa zima likaandika "ikulu", na mimi nikasema jamani, si wamepatia, mlitaka malkia akalale gesti? (Kicheko. Mwalimu wao hacheki.) Ndipo wataalamu wakanipigia simu, mtandao ukikatika-katika, kwamba mtoto haelewi anachosoma kama hana anachokijua kabla, hivyo tumjengee msuli...

"Usuli, mheshimiwa! Usuli, yaani maarifa ya awali!" (Ni mwalimu.)

Ahsante mwalimu, msuli! Kwa hiyo mradi huu jumuishi, shirikishi, endelevu na wenye impakti kwa mastekiholda wote umeleta vitabu hivi mezani, vimefungwa karatasi za zawadi, na kila mtoto amevinyanyua asubuhi hii, na utafiti unaonyesha asilimia mia na ishirini wamevimba mikono, hao ishirini wa ziada wakiwa wazazi waliowapokea mzigo. (Vigelegele. Baba mmoja anajisugua kiuno.)

"Mheshimiwa, mtihani ni kesho! Humo kuna hata kimoja cha nyuki? Hata cha mbu, nitawasomea leo leo!"

Mwalimu, haraka haraka haina baraka. Awamu ya kwanza ni kunyanyua, ya pili kupangusa vumbi, na kufungua ni awamu ya tisa, fremuweki ikiruhusu. (Binti wa darasa la nne ameshachana karatasi.)

"Shikamoo mheshimiwa. Hiki hakina kurasa. Ni tofali."

Marahaba, mwanangu. (Mke wa mheshimiwa anajipepea.) Sasa nikuulize, hii si shule ya msingi? Na msingi hujengwa kwa nini, kwa maandazi? (Mashemeji wanashangilia peke yao.)

Msuli oyee! (Oyee...) Vitabu vizito! (Vizito kweli!) Akili baadaye! (Baadaye sana!)

Namalizia kwa kumshukuru kwa dhati fundi mwashi anayejenga choo cha ofisi yangu, aliyetuazima vitabu hivi vyote. Watoto, virudisheni kwenye lori taratibu, anasema saruji inamkaukia. Nawe mwalimu, acha kununa: habari ya kesho ikiwa ya matofali, nani kama darasa la nne?