Picha Tumboni, Mama Mkwe Getini

Jamani, leo nimevuliwa shati mbele ya mama mkwe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnaujua ugonjwa wangu: picha za kuchapa. Mchoraji anachora watu kwenye bati la shaba, anapaka wino, anagandamizia karatasi. (Wachimbaji wenzangu wananunua pikipiki. Mimi makaratasi.) Asubuhi Mzee Salumu, fundi fremu wa Tarime, kanifuata hadi kwenye duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, Nyakunguru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile uliyoililia nimeipata."

Nikafungua. Mwanamke kabeba mtungi, macho yote mawili upande mmoja wa uso, shingo ndefu, nguo hana hata uzi! Zilichapwa nakala kumi tu.

Sasa niiweke wapi? Duarani kila kitu tope, na wingu la mvua lilishatanda. Nikaizungusha tumboni, nailoni juu yake, shati, mkanda. Nikaaga, nikaondoka zangu.

Nikasahau geti. Kila anayetoka anapekuliwa, maana watu huficha mawe ya dhahabu mwilini. Ukikamatwa kazi huna, na jina lako limeoza.

"Inama," akasema Mwita, mlinzi.

"Siwezi. Mgongo."

"Mgongo? Si nimekuona saa moja umebeba kiroba?"

(Alikuwa ameniona kweli.)

"Vua shati, mura!"

Watu wakajaa. Na nani anauza uji hapo getini? Mama mkwe! Sisi Wakurya mnatujua, mbele ya mkwe hata kula huli. Nikavua. Nailoni ikateleza, yule mwanamke wa kwenye picha akajitokeza mzima, shingo hadi magoti.

Kicheko! Mwita akanyoosha mikono yake ya tope. Nikapiga kelele, "Usimguse! Kanawe kwanza!"

Hapo watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mvua ikaanza kudondoka. Nimeikumbatia karatasi kifua wazi, machozi yananilenga. Mara namwona mama mkwe anakuja kinyumenyume! Kanipa mgongo, kitenge chake kakinyoosha kwa nyuma, anapapasa hewani mpaka nikakipokea. Nikajifunika, mimi na picha.

"Mwita, umeona jiwe?" akauliza, bado ametazama kwingine.

"Hapana, mama."

"Basi mwache mwanangu aende."

Mwanangu! Jamani, nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua nalia kama mtoto. Picha haina hata tone. Kazi ninayo. Mama, asante sana, nakuandikia hapa mbele ya watu wote kwa sababu ana kwa ana siwezi.

Jioni hii nikamwomba mke wangu amrudishie kitenge. Kaenda, karudi nacho.

"Mama amesema kibaki. Umvalishe yule mwanamke."