Mechi Nne kwa Sababu ya Taulo

Bi. Jecinta Nalianya,
Kibanda cha Mataulo na Mashuka,
Soko la Jericho, Nairobi.
Jumatano, baada ya ibada ya akina mama.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu,
Ligi Teule ya Miji.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUFUNGIWA KWA KIPA LUSENO, MWANANGU

Pokea salamu zangu, na za akina mama wa kanisa letu ambao mimi ni katibu wao. Natumaini wewe na wanakamati mmeamka salama. Mimi nimeamka, hiyo salama ndiyo sijaiona.

Naandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika. Wiki iliyopita kamati yako ilimfungia mwanangu Luseno, kipa wa Makadara Wembe, mechi nne. Kosa lake ni kumfukuza Wahome, mshambuliaji wa Thika Radi, ambaye aliingia golini mwake mpira ukiwa mbali, akachomoa taulo lake pale wavuni na kutimka nalo akipiga kelele, "Juju hii! Ref, cheki juju!" Huyo Wahome alipewa kadi ya manjano, basi. Nimeisoma hukumu yenu mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani, na malalamishi yangu ni haya.

1. Mwanangu alikuwa anamfukuza mwizi. Nimeishi Eastlands miaka thelathini na minne, na najua mwizi anavyofukuzwa. Hapa mtu akinyang'anywa simu na kupiga ukemi, mtaa mzima unakimbia naye, mpaka mwenye kibanda cha chipsi anaacha mafuta yakiungua. Luseno alikimbia peke yake. Hakuita watu, hakuokota jiwe. Alimpata Wahome karibu na benchi lao, akamshika kola, akamwambia, "Bro, rudisha kitu ya mathe," yaani taulo nililompa mimi mamake. Hukumu inayaita maneno hayo lugha ya vitisho. Mimi nayaita malezi, na malezi hayo nilimpa mimi.

2. Ameadhibiwa mara nne kwa kosa moja. Ni kweli kwamba alipokuwa kule akidai taulo, mpira ulirudi na Thika Radi wakafunga bao katika goli lisilo na mtu. Hiyo ni adhabu ya kwanza. Ya pili ni kadi nyekundu, ya tatu ni mechi nne. Ya nne ni video, ambayo imezunguka kwenye simu za watu hadi Soko la Burma. Nilienda huko Jumamosi kununua matumbo, na Ng'ang'a muuza nyama akaniuliza kama anifungie kwa gazeti ama kwa taulo. Nimekuwa mteja wake tangu babake akiwa hai.

3. Mwezi uliopita nahodha wa timu moja kubwa, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa mamake tunafahamiana, alimpokonya mshika kibendera kibendera chake na kumchapa nacho mgongoni. Mlimpa mechi moja, na barua ya kumshauri. Mlisema ni kosa lake la kwanza. Luseno amecheza miaka kumi na mmoja, na hii ndiyo kadi yake nyekundu ya kwanza. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Nyinyi mmenyonga vizuri sana, mkasahau nusu ya pili.

4. Ripoti ya refa inasema taulo lilikuwa na "maandishi ya kutiliwa shaka". Mheshimiwa, mimi nauza mataulo huu mwaka wa kumi na tisa. Taulo hilo lilitoka kwenye belo la mitumba, tena ni kamera, yaani daraja la kwanza kabisa, na hayo maandishi ni jina la hoteli ya Ufini, kama Marion wa saiba alivyonitafutia kwenye kompyuta. Ni mganga gani wa Kenya anayejua Kifini? Katika belo hilo yalikuwa saba ya namna hiyo. Moja lilinunuliwa na mke wa pasta wetu. Kama ni la uchawi, basi mke wa pasta anajipangusa uchawi kila asubuhi kisha anakuja kutuongoza kwa maombi, na itabidi mumwite yeye pia mbele ya kamati. Mumwite na Mukami wa saluni, aliyechukua mawili.

5. Siku ya kusikizwa kwa kesi niliketi nyuma kabisa, nikakuona kwa macho yangu ukipangusa kipara kwa kitambaa mara sita. Hakuna aliyekiomba hicho kitambaa kikapimwe. Kama kila kinachofuta jasho ni hirizi, basi tukaguliwe sote, tuanze na meza kuu.

6. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Msimu umebakisha mechi nne, hesabu mnayoijua. Mechi ya mwisho watu wa klabu moja ya Mwanza wanakuja kumtazama Luseno. Ana miaka thelathini na miwili, na kipa wa umri huo hatazamwi mara mbili. Wakimkuta ameketi jukwaani kando yangu akila njugu, watarudi kwao, naye atarudi kunisaidia kufungua mabelo. Tangu hukumu itoke anashinda kibandani kwangu. Anakunja mashuka ya kuuza, na anayakunja vibaya, nami siwezi kumwambia. Naumia sana, Mheshimiwa.

Kwa hivyo naomba mechi hizo nne zigawanywe kama mkate: Wahome mbili, Luseno mbili, na za Luseno ziwe zile za kwanza. Mkikataa, akina mama arobaini watakuja ofisini kwenu wakiwa na mataulo shingoni, na wataimba mapambio mpaka mfunge kazi.

Na kuonyesha kwamba sina la kuficha, taulo mnaloliweka kama ushahidi likateni kipande, mkipeleke maabara yoyote mnayoiamini. Mimi ni mtu wa kanisa. Sijawahi kukanyaga kwa mganga.

Nisalimie wanakamati wote, karani wako mwenye mafua, na askari wa getini aliyenipa kiti bila kuniuliza nimekuja kumwona nani. Wahome pia msalimieni, kwani ni mtoto wa mtu.

Ni mimi, mzazi wa mshtakiwa na muuza taulo,

Jecinta Nalianya (Mama Luseno)

Tanbihi: Kuhusu kukata kipande, nimefikiria tena. Mkikata, kateni upande wenye maandishi. Ile kona nyingine yenye kifundo kilichoshonewa ndani ya upindo, tafadhali msiiguse, wala msiiloweshe. Mzee mmoja wa mtaa wa Fedha, ghorofa ya tatu, alisema fundo likifunguliwa kabla msimu haujaisha, kila mpira utapita. Kwake sikukanyaga, nilisimama mlangoni. Luseno hajui lolote kuhusu jambo hili, na nawaomba kwa jina la Mungu msimwambie. Yeye anaamini ni mikono yake.