Kesi ya Rangi Nyekundu

Kila asubuhi Daktari wa Hati alikunywa chai kwenye kibanda cha kona, akasoma gazeti la jirani yake kwa jicho la pembeni, kisha akalalamika kwamba watu wa siku hizi si waaminifu. Asubuhi hiyo hakufika kwenye malalamiko. Ng'ambo ya barabara mama mmoja mjane alikuwa akigongomea kibao getini: NYUMBA INAUZWA. Kikombe kiliishia njiani.

Udaktari wake haufundishwi chuo chochote, kwa hiyo tuueleze. Akiona nyumba nzuri inauzwa, alirauka alfajiri akapaka ukutani kwa rangi nyekundu: HAIUZWI, INA KESI. Wanunuzi wakatoweka. Mwenye nyumba alipobaki na kihoro, daktari akabisha hodi, koti limenyooka, huruma tele usoni. Akanunua kwa bei ya kutupa, akafuta rangi, akauza kwa bei ya haja. Kuambukiza na kutibu, yote yeye. Ni wachache wanaotoa huduma kamili namna hiyo.

Basi akapaka, akaacha rangi ikauke, ndipo akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu," mama alimkalisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. "Umeona walivyonichafulia ukuta?"

"Nimeona, mama. Dunia imeharibika."

"Sasa nani atanunua nyumba yenye kesi?"

"Mimi. Kwa huruma tu. Ila bei itabidi ishuke, mama. Kesi ni mzigo."

Akataja bei ambayo ingemtia aibu hata mwizi wa kuku. Mama akashusha pumzi.

"Nenda kwanza masjala ya ardhi, ukaangalie hati ina nini. Nisije nikakuponza."

Daktari nusura acheke. Aende masjala kutafuta kesi aliyoipaka kwa mkono wake?

"Kesi hii, mama, naijua kama mwanangu wa kumzaa."

"Hata kuchungulia tu, baba?"

"Mama! Unaniona mtoto?"

Ili bei isije ikaleta maneno, akaandika mwenyewe kwenye mkataba kwamba mnunuzi anajua nyumba ina kesi, ameridhika nayo, na hatadai chochote baadaye. Alikisifu sana kifungu hicho.

Pesa zilikuwa za mkewe, fundi cherehani aliyechoka kuhama vyumba vya kupanga. Alimkabidhi akiba yake yote kwa sharti moja: hii ni nyumba ya kuishi, si ya kuuza. "Naapa," alisema daktari, na moyoni alikuwa ameshapata mteja.

Siku ya kuhamisha jina, mama alikaa kwenye benchi la masjala, mkoba mapajani, mpole kama kawaida yake. Karani alifungua jalada, akalitazama, akamtazama daktari.

"Bwana, kiwanja hiki kina zuio la mahakama. Shemeji yake mama huyu anadai ni cha kwake. Kesi yenyewe sasa ina umri wa kuoa."

"Haiwezekani! Hakuna kesi! Kesi ile nimeipaka mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Umepaka nini?" karani aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema daktari, kwa sauti ya mgonjwa.

Simu ikalia. Mkewe. "Mume wangu, mkokoteni umefika. Tupakie cherehani?"

"Ngoja kwanza," alisema, akakata. Akamvuta mama barazani.

"Mama, nirudishie pesa. Ni jasho la mke wangu lile."

"Umeandika hutadai chochote, mwanangu. Na mimi nimeshanunua kijumba kingine. Hicho nilikwenda masjala kwanza."

"Lakini ulinisihi niende! Si ulikuwa unanionea huruma?"

Mama aliweka mkoba begani. Ule upole aliokuja nao aliuacha palepale barazani.

"Alfajiri ile nilikuwa dirishani, nakuangalia unavyochovya brashi. Nikasema, huyu ndiye. Wanunuzi wote waliotangulia, hata kabla sijaweka kibao, walikwenda masjala, wakarudi kunipa pole. Wewe nilijua, kadiri nitakavyokusihi uende, ndivyo hutakwenda."

"Mama..."

"Mkeo ndiye namwonea huruma, na nitamwambia mwenyewe. Wewe nilikusudia kukuibia."